Kuikomboa Nyumba Kabla ya Muda Wake

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Nehemia 5:1–13, Mambo ya Walawi 25:25–31, Luka 14:28–30, 2 Wafalme 4:1–7, Mithali 6:1–8, Mhubiri 11:2, Yeremia 32:6–15, Warumi 13:7, 8.

Fungu la Kukariri: Warumi 13:8. Likariri kwa tafsiri inayotumika darasani kwenu, na ulisome pamoja na aya ya 7.

Nehemia alipofika Yerusalemu alikuta ukuta umebomoka. Alipokuwa akiujenga, aligundua ubomozi mwingine usioonekana kwa mpita njia. Watu waliobeba mawe mchana kutwa walikuwa wakirudi jioni katika nyumba zilizokwisha kuwekwa rehani. Ukuta ulikuwa unapanda, lakini familia zilizokuwa ndani yake zilikuwa zinaanguka.

Paulo, katika fungu la kukariri, hasemi kwamba kukopa ni dhambi. Aya ya 7 inaagiza kila anayestahili kulipwa alipwe, na aya ya 8 inataka deni pekee lisilokwisha liwe lile la kupendana. Hivyo swali la Mkristo aliyekwisha kukopa ni hili: nitalimaliza lini, na kwa njia gani?

Juma hili tutalitazama deni moja tu, nalo ndilo refu kuliko yote ambayo familia nyingi huingia: mkopo wa nyumba. Hapa Tanzania mikopo hiyo ilikuwa adimu sana kabla ya Sheria ya mwaka 2008 kuhusu mikopo ya nyumba na kabla ya kuanzishwa, mwaka 2010, kwa kampuni ya TMRC inayozipatia benki fedha za muda mrefu. Wengi wetu bado tunajenga kwa kununua tofali kidogo kidogo, au kwa mkopo wa mshahara. Hata hivyo hesabu tutakayoiona Jumatatu inawahusu wote wenye mkopo ambao riba yake huhesabiwa juu ya salio.

JUMAPILI

Kilio Ndani ya Ukuta

Soma Nehemia 5:1–13. Ni makundi gani matatu yaliyolia, na kila kundi lilikopa kwa sababu gani?

______________________________________________

Kundi la kwanza lilikuwa na watoto wengi na chakula kidogo. La pili liliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili kupata nafaka wakati wa njaa. La tatu lilikopa ili kulipa kodi ya mfalme. Hakuna hata mmoja kati yao anayetajwa kuwa mbadhirifu. Jambo hili tulishike tunapoketi darasani, kwa sababu mara nyingi somo la madeni hugeuka kuwa somo la kuwasema wenye madeni. Nehemia hakuwasema. Alikasirika, akafikiri moyoni mwake, kisha akawakemea waliokuwa wakikopesha ndugu zao kwa riba. Zaidi ya hapo, katika aya ya 10 anajitaja mwenyewe na watumishi wake miongoni mwa waliokuwa wamekopesha.

Aya ya 11 inataja sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta. Wafafanuzi wengi huiona kuwa riba iliyotozwa kila mwezi, yaani asilimia 12 kwa mwaka. Mwanafunzi wa leo anayelipa mkopo wa nyumba atasimama hapo kidogo, kwa kuwa benki nyingi kwetu hutoza kiwango kama hicho au zaidi. Bila shaka benki si ndugu anayemnyonya nduguye wakati wa njaa; inakopesha fedha za wenye akiba na ina gharama zake. Lakini uzito wa mzigo mgongoni haupungui kwa sababu aliyeutwika ana haki ya kuutwika.

Katika kisa hiki nyumba zilirudishwa siku ile ile, kwa kiapo. Leo hakuna Nehemia atakayeingia benki akikung'uta vazi lake. Mungu anaweza kufungua mlango wa namna hiyo, ila kwa wengi wetu njia anayoitumia ni ya taratibu zaidi, nayo inaanzia kwenye kalamu na karatasi.

JUMATATU

Ahesabu Miaka

Soma Mambo ya Walawi 25:25–28. Mtu aliyeuza milki yake kwa sababu ya umaskini, akapata tena uwezo, alipaswa kufanya nini kabla ya kuikomboa?

______________________________________________

Alipaswa kuhesabu. Sheria haikumlazimisha asubiri yubile. Ilimruhusu akomboe kabla ya muda, na bei ilipungua au kuongezeka kulingana na miaka iliyobaki. (Nyumba ndani ya mji wenye ukuta ilikuwa na sheria kali zaidi: aya ya 29 na 30 zinatoa mwaka mmoja tu.) Ile haikuwa rehani ya benki kama tunavyoijua, ila kanuni iliyo ndani yake inatufaa: miaka iliyobaki ina bei, na anayekomboa mapema hulipa kidogo.

Basi nasi tuhesabu, kama Yesu alivyosema juu ya mjenzi wa mnara katika Luka 14:28. Tuseme mwalimu na mumewe wamekopa shilingi 50,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayohesabiwa juu ya salio linalopungua, kwa miaka 20. Marejesho yao ni kama shilingi 658,400 kila mwezi. Wakilipa bila kukosa hadi mwisho watakuwa wametoa karibu shilingi 158,000,000. Nyumba moja imelipiwa zaidi ya mara tatu.

Kwa nini? Tazama mwezi wa kwanza. Riba ya mwezi huo peke yake ni 625,000. Kinachopunguza deni lenyewe ni kama 33,400 tu. Mwezi wa pili sehemu ya riba inashuka kidogo sana, na sehemu ya deni inapanda kidogo sana, na hivyo hivyo. Baada ya miaka mitano kamili wameshatoa takribani shilingi 39,500,000, lakini wakiomba taarifa ya mkopo wataambiwa bado wanadaiwa kama 47,000,000. Wengi hufikiri wameibiwa wanapoiona karatasi hiyo. Hawakuibiwa. Ndivyo mkopo mrefu ulivyo: miaka ya mwanzo hula riba, na deni huanza kushuka kwa kasi miaka ya mwisho.

Sasa udhaifu wa mkopo huo ndio mlango wa kuutokea. Kila shilingi inayolipwa juu ya marejesho ya kawaida haigawanywi na riba. Yote huenda kwenye deni lenyewe, na tangu siku hiyo haitozwi riba tena hadi mwisho. Familia yetu ikiongeza shilingi 50,000 kila mwezi tangu mwanzo, itamaliza katika miaka 14 na miezi mitano hivi, na itaokoa kama shilingi 36,000,000. Ikiongeza 100,000, itamaliza katika miaka 11 na miezi minane, na itaokoa karibu 52,000,000. Kama walikopa wakiwa na miaka 40, wangemaliza kwa utaratibu wa kawaida siku ya kustaafu, wakiwa na miaka 60. Kwa nyongeza hiyo wanapata miezi 100 ya kufanya kazi huku mshahara ukiingia nyumbani bila makato ya nyumba.

Wakati nao una uzito wake. Familia ile ile, bila nyongeza ya kila mwezi, ikipeleka shilingi 2,000,000 kwa mkupuo mwishoni mwa mwaka wa kwanza, itapunguza kama miezi 40 ya marejesho. Ikipeleka 2,000,000 hizo hizo mwishoni mwa mwaka wa 15, itapunguza miezi sita tu. Huenda hii ndiyo sababu Mithali 6:4 inamkataza mdhamini asiyape macho yake usingizi: anayengoja hupoteza.

Tahadhari moja. Hesabu hizi zinafuata riba inayopungua pamoja na salio, na isiyobadilika katikati. Wapo wakopeshaji wanaohesabu riba yote juu ya kiasi cha kwanza na kuigawa sawasawa kwa kila mwezi. Kwa mkopo wa namna hiyo, kulipa mapema kunaweza kusikusaidie chochote, isipokuwa mkataba unasema riba ya miezi iliyobaki itasamehewa. Soma mkataba wako kabla ya kufurahi.

JUMANNE

Chupa ya Mafuta

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Zingatia mpangilio wa maagizo matatu ya Elisha katika aya ya 7.

Mjane huyu alikuwa na deni asiloliweza na chupa moja ya mafuta. Elisha alimwuliza ana nini nyumbani. Muujiza ulianzia kwenye kile kilichokuwapo, ukapitia vyombo vya majirani, ukaishia sokoni. Kisha maagizo: uza, lipa deni, na wewe na wanao mwishi kwa kilichosalia. Wengi wetu huupindua mpangilio huo. Tunaishi kwanza, kisha tunalipa deni kwa kilichosalia, na mwezi ukiisha hakuna kilichosalia.

Fedha ya nyongeza itatoka wapi? Kwa familia nyingi haitoki mahali pamoja. Inaweza kuwa nyongeza ya mshahara ambayo haijazoeleka bado, ikielekezwa kwenye mkopo kabla haijapata matumizi mapya. Inaweza kuwa mauzo ya mavuno, posho ya safari, au kikundi cha akiba kinapovunja mwaka na kugawana. Inaweza kuwa vitu vidogo vinavyotoka kila siku kwa simu, ambavyo mtu hawezi kuvikumbuka jioni. Chungu wa Mithali 6:6–8 hana msimamizi wala mkuu, lakini hukusanya wakati wa mavuno. Yusufu, katika Mwanzo 41:34, alishauri sehemu ya tano itengwe miaka ya shibe. Hakungoja njaa ianze ndipo aanze kutafuta ghala.

Hata hivyo, usipeleke kila shilingi benki. Mhubiri 11:2 inashauri kugawa mafungu saba, hata manane, kwa kuwa hatujui ni baya gani litakalokuja. Fedha ikishaingia kwenye mkopo wa nyumba kwa kawaida hairudi. Mtoto akilazwa hospitalini juma lijalo, huwezi kwenda benki kudai 2,000,000 ulizolipa kwa hiari. Utakachofanya ni kukopa tena, na aghalabu kwa mkopo wa simu au ile mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu, ambayo riba yake ya mwezi mmoja inaweza kuishinda riba ya nyumba ya mwaka mzima. Kwa hiyo utaratibu wa busara ni huu: kwanza malizeni madeni madogo yenye riba kali, kisha wekeni akiba ya dharura inayotosha matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu au zaidi, ndipo nguvu zote zielekezwe kwenye nyumba. Anayeanza na nyumba akaacha kausha damu inaendelea, anaziba dirisha huku mlango uko wazi.

Je, ni bora kuweka fedha kwenye akiba ya benki badala ya kuongeza marejesho? Linganisha viwango viwili. Kama akiba inakupa asilimia 5 na mkopo unakutoza 15, kila shilingi iliyolala kwenye akiba, mbali na ile ya dharura, inakugharimu tofauti hiyo kila mwaka.

JUMATANO

Fedha Isiyo ya Nyumba

Soma Malaki 3:8–10 na Kutoka 20:8–11. Mafungu haya yanaweka mipaka gani kwa mtu mwenye hamu ya kumaliza deni haraka?

______________________________________________

Hapa ndipo somo linapogusa kidonda. Mshiriki mmoja anaweza kufikiri hivi: fungu la kumi la mshahara wangu ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Nikilisimamisha kwa muda na kulipeleka kwenye mkopo, nitamaliza miaka minane mapema, kisha nitamrudishia Bwana kwa wingi. Hesabu yake ni sahihi. Hata benki ingempongeza. Kasoro yake ni kwamba fungu la kumi halikuwa lake kulipangia kazi. Mtu hawezi kumlipa mdai mmoja kwa mali ya mwingine, hata kama huyo mwingine ni mvumilivu na hatumi barua za onyo. Sadaka ni jambo jingine. Inatolewa kadiri mtu alivyokusudia moyoni, na familia inaweza kukaa chini mbele za Mungu na kuamua kiasi chake wakati wa mzigo. Lakini zaka inatangulia.

Jaribu la pili ni la Sabato. Zipo kazi zinazolipa malipo ya ziada kwa zamu za mwishoni mwa juma, na zamu mbili za Jumamosi kwa mwezi zinaweza kabisa kuwa ile nyongeza ya 100,000 tuliyoihesabu. Nyumba iliyokombolewa kwa Sabato zilizouzwa imenunuliwa kwa bei ambayo jedwali la benki haliionyeshi.

La tatu ni gumu zaidi, na hatudhani lina jibu moja kwa kila darasa. Ni michango: msiba wa kijijini, ada ya mtoto wa marehemu kaka, matibabu ya mama. Warumi 13:8, fungu lile lile linalotuagiza tusiwiwe, linatuambia deni la kupendana halimaliziki. Mwenye mkopo hawezi kufunga mlango wake miaka 11. Wala hawezi kusema ndiyo kwa kila kadi ya harusi. Baadhi ya familia hutenga kiasi kwa ajili ya ndugu mwanzoni mwa mwezi, kabla ya nyongeza ya mkopo, na kikiisha husema kwa upole kwamba mwezi huu hakuna. Msiba haungoji mwezi mpya, na 1 Timotheo 5:8 ina maneno mazito kwa asiyewatunza walio wake. Ila harusi inaweza kungoja, na sherehe inaweza kupunguzwa.

ALHAMISI

Hati Ndani ya Chombo cha Udongo

Soma Yeremia 32:6–15. Yeremia alipima fedha mbele ya mashahidi, akatia sahihi na muhuri, na akaagiza hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Alifanya hivyo mji ukiwa umezingirwa na yeye mwenyewe akiwa kifungoni. Nabii huyu hakuona kwamba imani inamwondolea haja ya karatasi.

Nasi tuwe hivyo. Kabla ya kuanza kulipa zaidi, nenda benki ukaulize mambo machache na uombe majibu kwa maandishi. Je, mkataba unaruhusu kulipa kabla ya muda, na kuna tozo gani? Nyongeza itapunguza deni lenyewe, au itahesabiwa kuwa marejesho ya mwezi ujao yaliyotangulia? Swali hili la pili hupuuzwa mara nyingi. Fedha ikihesabiwa kama marejesho ya mbele, faida yote tuliyoiona Jumatatu inaweza kupotea. Kisha, baada ya nyongeza, benki itapunguza muda au itapunguza kiasi cha kila mwezi? Anayetaka kumaliza mapema aombe muda upunguzwe. Omba taarifa ya mkopo kila baada ya malipo ya nyongeza, ukague salio kwa macho yako.

Mambo haya yasifanywe na mmoja peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Kama sheria ya nchi inamhitaji mke mwanzoni mwa deni, ni ajabu mume kumficha salio katikati yake. Wapo wajane waliojua kiasi cha deni siku ya tatu baada ya mazishi.

Na siku ya mwisho, usitosheke na pongezi. Salio likifika sifuri, hati yako bado inaonyesha rehani hadi iondolewe katika usajili. Dai barua ya kumaliza mkopo, dai hati, na uhakikishe rehani imefutwa kwa Msajili wa Hati. Kisha uitafutie chombo chake cha udongo.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Ellen G. White aliwashauri waumini waliepuke deni kama mtu anavyoukimbia ugonjwa wa ndui, na wajinyime mambo mengi kuliko kuingia ndani yake. Ni vyema pia kujua kwamba yeye mwenyewe, alipofariki mwaka 1915, aliacha madeni yaliyotokana na gharama za kuandaa na kuchapisha vitabu na kuisaidia kazi ya injili, nayo yalishughulikiwa kutokana na mapato ya vitabu vyake. Tunataja hili ili tusiligeuze shauri lake kuwa rungu. Alijua uzito wa deni kwa kulibeba.

Maswali ya Kujadili:

1. Ndugu mmoja darasani anasema Mkristo hapaswi kabisa kukopa kwa ajili ya nyumba. Ajenge kidogo kidogo hata kwa miaka 15. Dada mwingine anajibu kwamba miaka 15 ya kupanga nayo ina gharama yake. Mnawajibuje wote wawili kwa Biblia na kwa hesabu?

2. Chukua taarifa ya mkopo wako, wa aina yoyote. Mwezi uliopita, kiasi gani kilikuwa riba na kiasi gani kilipunguza deni? Kama hujui, utamwuliza nani, na lini?

3. Nehemia 5 inaonyesha jumuiya ya waumini iliyolichukua deni la ndugu kuwa jambo la wote. Kanisa lenu linaweza kufanya nini kwa mshiriki aliyenaswa na kausha damu, bila kumwaibisha na bila kumzoeza kukopa tena?

4. Mshiriki ameachishwa kazi akiwa amebakiza miaka miwili ya mkopo. Ana mafao yanayotosha kuumaliza wote, lakini akiumaliza hatabaki na kitu. Ana watoto wawili sekondari. Anaomba ushauri kwenu Sabato hii. Mtamwambia nini?